Safu ya Maoni

"Ufupi," bosi alisema kwa mara ya pili, na safari hii hakujisumbua hata kushusha sauti. "Tuambiane ukweli, mama. Tatizo ni ufupi."

Mama Nyuzi alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kidevu juu. Hakuna aliyemwambia akae. Alikuwa mfupi kweli, hilo halikuwa siri; akipanga foleni, watu wa nyuma walidhani kuna nafasi mbele yao wakaisogelea. Lakini katika miaka yake hamsini na minane hajawahi kuambiwa kwamba ufupi wake ndio uliopandisha joto la nchi.

Jina la Mama Nyuzi alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, alifungua kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama kwa miguu minne uwanjani mwa kituo cha hali ya hewa, akasoma vipimajoto vilivyomo, akaandika nyuzi joto kwenye daftari. Mvua ikinyesha, alisoma. Sikukuu, alisoma. Siku alipomzika mama yake alisoma saa tatu, akaenda kuzika, akarudi kusoma saa tisa, na ndugu zake hawajamsamehe mpaka leo. Alifanya hivyo miaka ishirini na tisa.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa amri ya kukifunga kituo. Hiyo ilikwisha kusainiwa huko juu na haikuomba ruhusa ya mtu. Ya pili ilimngoja yeye. Ilisema kwamba vipimo vyote vya kituo hiki, tangu siku ya kwanza, vina kasoro iliyoletwa na msomaji. Kwamba msomaji mwenyewe anakiri. Na kwamba kwa hiyo vifutwe katika kumbukumbu za joto la nchi. Chini yake palikuwa na mstari mtupu wa saini.

"Ni kwamba kituo chako kinapanda kuliko vingine, mama," alisema mtaalamu aliyetoka makao makuu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kompyuta mapajani na suruali isiyomfika viatuni. "Kwenye mchoro wa nchi nzima, mstari wako unapaa peke yake. Makao makuu wakauliza sababu. Bosi wako akajibu kwa barua."

"Akajibu nini?"

Mtaalamu akamtazama bosi. Bosi akatazama kalamu yake.

"Kwamba kisanduku kimewekwa kwa kimo cha mtu wa kawaida," mtaalamu alisema. "Ukikisoma kipimajoto ukiwa chini yake, unatazama kwa kuinua macho, na zebaki inaonekana imefika juu kuliko ilipofika. Kwa hiyo... unaandika joto ambalo halipo."

Kilichomuuma Mama Nyuzi ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Ni somo la siku ya kwanza kwa kila msomaji: macho yawe sawa na ncha ya zebaki, si juu, si chini. Bosi alikuwa ameokota ukweli mmoja mdogo akauvalisha uongo mkubwa, na sasa anautembeza ofisini kama mgeni wa heshima.

"Mimi ni mfupi tangu nilipoajiriwa," alisema. "Kama ufupi unaongeza, basi uliongeza mwaka wa kwanza, ukaongeza mwaka wa kumi, ukaongeza na jana, kiasi kile kile. Mstari wangu ungekuwa juu, lakini ungelala. Huu unapanda. Au mnadhani kila mwaka napungua?"

Mtaalamu akajikuna shingo. Ilionekana hilo alishaliwaza njiani.

"Watu wakizeeka hupungua," bosi alisema haraka. "Ni sayansi hiyo. Mgongo unapinda."

Damu ilimchemka. Ofisi ile ilikuwa na baridi ya kukausha koo, kiyoyozi kikinguruma dirishani nyuma ya bosi na kudondosha maji yake ndani ya kopo, lakini Mama Nyuzi alihisi masikio yanawaka. Kupitia kioo aliliona kosa lenyewe limelala nje, jeupe, linang'aa. Miaka sita iliyopita bosi alipoletwa hapa, kitu cha kwanza alichotaka ni kivuli cha gari lake. Akang'oa nyasi, akamwaga zege, akaezeka bati, hatua nne kutoka kwenye kisanduku. Kanuni inataka nyasi tupu pande zote. Mama Nyuzi aliandika barua tatu, na zote zilipotelea humu humu ofisini.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema. "Bosi, wewe umemwaga zege, unasingizia miguu yangu."

"Zege ni la miaka sita tu! Joto lako lilianza kupanda zamani, kabla mimi sijafika hapa!"

Hata bosi alisikia alichokisema.

"Umemsikia mwenyewe, kijana," Mama Nyuzi alimwambia mtaalamu. "Lilianza kupanda zamani. Palikuwa na nyasi hapa mpaka magotini. Na zege lilipokuja nililiandika, siku na saa yake, ili mjue pa kutilia shaka. Kila kitu nimeandika kwenye safu ya maoni."

Safu hiyo ilikuwa pana, mwisho wa ukurasa, upande wa kulia wa tarakimu. Msomaji huandika humo lolote linaloweza kugusa kipimo: moshi wa majani yaliyochomwa jirani, mlango wa kisanduku uliokutwa wazi, rangi mpya. Wasomaji wengi huiacha tupu. Yeye aliijaza kama mtu anayemwandikia ndugu yake aliye mbali.

Mtaalamu akashusha macho kwenye kompyuta. "Safu ya maoni haimo humu, mama. Madaftari yalipoingizwa, waliingiza tarakimu tu."

"Tarakimu tu?"

"Maneno yalikuwa mengi."

Miaka ishirini na tisa, na kule mwisho wa safari alikuwepo mtu aliyeona maneno ni mengi!

"Basi lete madaftari yenyewe tusome," Mama Nyuzi alisema.

"Yamehifadhiwa," bosi akajibu.

"Wapi?"

"Stoo. Ina mchwa, si mahali pa kumpeleka mgeni." Kisha akabadili sauti, akaipaka sukari. "Mama yangu, kwa nini tugombane? Mwezi wa kumi na mbili unastaafu. Saini hapa, tumalizane vizuri. Tumekuandalia hata cheti cha heshima, kina fremu yake kabisa."

Kilemba cha ukoka, tena chenye kioo. Mama Nyuzi alimtazama mpaka yule bwana akaanza kupanga karatasi zisizohitaji kupangwa.

"Mimi naondoka leo, baada ya saa tisa," mtaalamu alisema. "Tafadhali fikiria, mama."

*

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya uzio, vyumba viwili na kibanda cha useremala pembeni. Mumewe alikuwa anapiga randa ubao wa mlango huku fulana imemgandia mgongoni. Alipoona mwendo wa mkewe akaweka randa chini.

"Nani kakuudhi?"

"Wanasema umeoa nusu mtu, na hiyo nusu nayo inaendelea kuisha."

Akamsimulia yote, kwa sauti iliyopanda mpaka kuku wakahama kivulini. Akamsimulia barua, ufupi, mgongo, cheti. Alipofika kwenye safu ya maoni machozi yakamtoka, na akayakasirikia hayo nayo, akayafuta kwa kiganja kama anayefuta vumbi mezani.

"Miaka ile nilikuwa nakwenda kusoma nimevaa sweta," alisema. "Unalikumbuka? La kijivu. Saa tatu asubuhi, sweta! Liko wapi leo?"

"Ndilo hilo tumefungia bomba linalovuja."

"Eti joto halipo. Mtoto wa dada yako halali mpaka wamloweshee shuka. Siku za kupita nyuzi thelathini na tatu zilikuwa kumi na moja mwaka wangu wa kwanza. Mwaka jana zimefika sabini na nane. Nimezihesabu mimi, siku moja moja. Wanataka niseme sikuziona kwa kuwa mimi mfupi."

Mumewe hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka. Yeye ndiye aliyemtengenezea kigoda. Wiki ya kwanza ya mkewe kazini, alimsimamisha ukutani, akampima kwa futi kutoka kisigino mpaka kwenye mboni ya jicho, akaenda kukipima na kisanduku, kisha akachonga kigoda cha mvule ambacho hakijayumba mpaka leo.

"Si uwaonyeshe kigoda?" alisema.

"Watasema ni cha jana. Litakalowaambia ni cha lini ni daftari la kwanza, na bosi kalitia stoo."

"Madaftari gani hayo? Yale makubwa, ya jalada la kijani?"

"Ndiyo."

"Stoo gani?" Seremala akajipangusa jasho kwa fulana. "Mke wangu, mwaka jana aliniita nimtengenezee fremu ya kiyoyozi. Tundu la dirisha lilikuwa kubwa, kiyoyozi kinaning'inia. Nikapima. Kesho yake akaniambia nisihangaike na mbao, ana vitabu vya zamani vinatosha. Vya kijani. Nikajua ni makatalogi."

Mama Nyuzi aliinuka bila kugusa chakula.

"Kula kwanza," mumewe alisema, lakini alisema kwa mazoea tu, kwani mke wake alishavuka uzio.

*

Hakubisha hodi. Bosi na mtaalamu walikuwa wanakunywa soda. Alipita katikati yao, akazunguka meza, mahali ambapo mfanyakazi hapaswi kuzunguka, akavuta pazia lililoficha chini ya kiyoyozi.

Yalikuwepo. Madaftari kumi yalikuwa yamepangwa matano kwa matano chini ya kiyoyozi, yamebeba uzito wake, yakinyonya maji yake. Migongo ya kijani ilikuwa imevimba. Yale ya chini yameota ukungu mweusi.

Kitabu cha joto la nchi kimewekwa egemeo la mashine ya kumpoza bosi! Mtu angesimuliwa angedhani ni kichekesho.

"Mama, usiguse hapo," bosi alisema.

Akagusa. Akashika daftari la juu kwa mikono miwili, akaegemeza mguu ukutani, akavuta. Likatoka. Akavuta la pili. Kiyoyozi kikatoa mlio, kikainama kama mlevi anayetafuta ukuta, kikakohoa mara mbili, kikazima. Akaendelea kuvuta.

"Unaharibu mali ya serikali!"

"Hii hapa ndiyo mali ya serikali!" Sauti yake iligonga kuta zote nne. "Hii! Hii iliyooza!" Akalitupa mezani daftari la mwaka wa nne, nalo halikufunguka; kurasa zilikuwa zimeshikana zikawa tofali. La mwaka wa tano hali kadhalika. Alilipiga kwa kofi, akajaribu kupenyeza ukucha kati ya kurasa, ukucha ukavunjika. "Siku mia tatu sitini na tano hizi. Mara mbili kwa siku. Nilikuwa na mimba wakati huu, nikasoma! Nani atanirudishia? Wewe?"

Bosi alirudi nyuma na kiti chake.

Daftari la kwanza lilikuwa limepangwa juu kabisa upande wa kushoto, na kwa bahati lilikuwa limelowa pembeni tu. Mama Nyuzi akalifungua kurasa za mwanzo, akalisukuma mbele ya mtaalamu.

"Soma. Kwa sauti. Maneno si mengi."

Mtaalamu akasoma, kwanza kwa haya, halafu kwa sauti ya mtu aliyesahau kuwa anasoma mbele za watu. "'Siku ya tano. Nimegundua nasoma nikiwa chini ya kipimajoto. Siku nne zilizopita zimezidi, zisiaminiwe. Kuanzia leo nina kigoda, sentimita kumi na nane. Macho yako sawa na zebaki.'"

Akafunua. Akaomba na mengine, yale ya karibuni yaliyokuwa kabatini. Joto lilianza kuingia ofisini taratibu, likitokea dirishani lilikozuiwa mwaka mzima, likamkalia bosi shingoni.

"'Mwaka wa kumi na sita,'" mtaalamu alisoma. "'Nimepimwa tena. Nimepungua sentimita moja. Ubao umeongezwa juu ya kigoda.' Mwaka wa ishirini na tano: 'Sentimita moja nyingine. Ubao wa pili.'" Alimtazama yule mama. "Ulikuwa unapima hata kupungua kwako?"

"Bosi kasema watu hupungua. Kasema kweli. Nilishaandika kabla yake."

"'Leo wamemwaga zege hatua nne kutoka kisandukuni, upande wa magharibi,'" mtaalamu aliendelea, sauti imeshuka. "'Nimeandika barua. Vipimo vya alasiri kuanzia leo vitazamwe kwa shaka.'"

Bosi alikuwa anajipepea kwa ile karatasi ya kukiri. Mama Nyuzi akainyakua mkononi mwake.

"Fomu hii," alisema, "haina safu ya maoni. Ukweli ningeuandika wapi?"

*

Saa tisa kasoro dakika tano walikuwa uwanjani. Jua lilikuwa limelikalia zege, na aliyelikanyaga alilisikia kupitia soli. Mama Nyuzi alikiweka kigoda penyewe, kwenye alama tatu zilizochimbika ardhini kwa miaka, kisha akakisogeza pembeni.

"Leo usome wewe."

Mtaalamu akafungua mlango wa kisanduku, akatazama. "Thelathini na nne nukta moja."

"Umesimama wima. Wewe mrefu, unatazama kutoka juu. Umepunguza. Pinda magoti."

Akapinda magoti. Akapinda zaidi, mpaka ile suruali fupi ikapanda kwenye ugoko, mikono imeshika mapaja, jasho linamchuruzika puani.

"Thelathini na nne nukta sita," alisema.

Mama Nyuzi akapanda kigodani, akatazama bila haraka. "Nukta sita," akakubali. Akaandika. Kisha kwenye safu ya maoni akaandika kwamba amesoma mtaalamu wa makao makuu, mtu mrefu, mara ya kwanza hakupinda magoti, kipimo kimekataliwa, kuna zege. Akampa kalamu. "Weka saini yako hapo."

Mtaalamu akasaini. Mkono wake uliacha alama ya jasho kwenye ukurasa.

Baada ya hapo alitoa kwenye gari kasha lenye pamba, akasimama nalo kama mtu aliyetumwa msibani na barua isiyo yake. "Hii ya kufunga kituo, mama... siwezi kuizuia. Nimeamriwa nirudi na vipimajoto."

"Najua."

"Nitawaambia hukusaini."

"Waambie nimekataa. Asiyesaini anaweza kuwa alisahau kalamu."

"Nitapiga picha kurasa. Nitajitahidi wazione. Samahani sana, mama."

"Usiniombe samahani!" alifoka, hata mumewe aliyekuwa akichungulia kwenye uzio akashtuka. "Wewe si mbaya, ndiyo maana unanikera zaidi. Yule mle ndani najua la kumfanya. Wewe umeelewa, umesaini, umepinda magoti, na bado unafungua hilo kasha."

Kijana alivitoa vipimajoto kimoja kimoja, akavilaza kwenye pamba. Kisha alikaa kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni, akapiga picha kurasa za safu ya maoni mpaka simu yake ikazima, akaenda zake. Kama picha zile zilimfikia mtu wa kuzisoma, au zilionekana ni maneno mengi, hilo hakuna aliyelijua siku ile.

*

Kesho yake, saa tatu kasoro dakika tano, seremala alimwona mke wake anachukua daftari.

"Unakwenda kusoma nini sasa?"

Mama Nyuzi akavuka uzio. Nyuma ya dirisha la ofisi bosi alikuwa anapiga kelele kwenye simu, anataka fundi wa kiyoyozi, leo, sasa hivi. Mama Nyuzi aliweka kigoda kwenye zile alama tatu, akapanda, akafungua mlango mweupe. Vishikizo vya vipimajoto vilikuwa vitupu. Vilikuwa sawasawa na macho yake, bila kuzidi wala kupungua.

Aliandika tarehe. Aliandika saa. Penye tarakimu akapiga mstari. Halafu akahamia safu ya maoni, akaandika: "Vipimajoto vimechukuliwa jana alasiri. Joto lipo." Aliandika kwa nguvu, meno ameyauma, jasho likidondoka penye mstari. Alipofunua ukurasa ili wino usichafuke, aliyaona maneno yale yamepenya chini, hayana wino, yamekaa kwenye karatasi ya kesho.